Siku Mashine ya Mpunga Ilipotikisa Darasa

Jamani, mpaka leo nikitajiwa Ubaruku natafuta pa kuficha uso, lakini kwa kuwa nusu ya habari mmeshaisikia kwa watu, na hiyo nusu ndiyo mbaya zaidi, acheni niwasimulie mwenyewe.

Nilikuwa nimetengeneza app ya kufundisha watoto kujikinga na tetemeko (kwetu Mbeya ardhi hucheza mara moja moja, si habari za redioni tu). Kishikwambi kikihisi mtikisiko kinapiga king'ora, halafu sauti inaamuru: "Usikimbie! Ingia chini ya dawati! Asitoke mtu mpaka ardhi itulie!" Sauti nilimrekodi mwalimu mkuu wa shule ya Ubaruku nilikokuwa nikiijaribia app, maana niliona watoto wanavyomwogopa. Na kwa kuwa nyumbani nilitikisa meza mpaka mkono ukauma na kishikwambi kimenyamaza tu, nikapandisha usikivu wake hadi mwisho. Hapo ndipo nilipojichongea.

Afisa elimu akaja. Akikubali, app inaingia shule zote za wilaya. Akikataa, narudi sokoni Mwanjelwa kubadilisha vioo vya simu za watu. Darasa la tatu wakajifunza vizuri, mimi kifua mbele, ndipo nyuma ya ukuta wakawasha mashine ya kukoboa mpunga. Madirisha yakalia, sakafu ikatetema, vishikwambi vyote vikapiga king'ora kwa pamoja, na mimi, mwenye "Usikimbie" yangu, nikapita dirishani (halikuwa na nondo, namshukuru Mungu).

Kugeuka, niko nje peke yangu. Watoto wote wako chini ya madawati, na afisa elimu, mtu mzima na tai yake, yuko chini ya meza ananitazama.

"Haya tokeni, ni mashine tu!" mwalimu mkuu akawaambia.

"Asitoke mtu!" vishikwambi vikamjibu, kwa sauti yake mwenyewe, tena kali zaidi.

Watoto wakang'ang'ania miguu ya madawati, na vishikwambi wamevikumbatia, hawampi mtu. Nikakimbilia mashineni. Msimu wa mavuno, foleni ya magunia imefika barabarani, na mama mwenye zamu amesimama kando ya mashine.

"Shikamoo mama. Naomba wazime kidogo, watoto wako chini ya madawati."

"Marahaba. Wamefanya nini?"

"Wanajikinga na tetemeko."

"Tetemeko gani, mwanangu? Mpunga wangu ndiyo kwanza umeingia. Foleni inaanzia kule."

Nikasubiri, jasho linanitoka. Gunia lake lilipoisha, mwenye mashine akanihurumia akazima, na watoto wakatoka wakijikung'uta vumbi na kucheka.

Afisa elimu akapangusa magoti. "Watoto wamefaulu. App nayo nimeikubali, ila ipunguzie usikivu. Aliyefeli ni mmoja, na haondoki bila kurudia somo."

Basi nikaingizwa chini ya dawati mbele ya darasa zima, magoti yamebaki nje, aibu imenijaa, na binti mmoja akainama kunikagua bila utani hata kidogo: "Anko, funika kichwa."

Nikafunika, wala sikuwa na hamu ya kukifunua. Nimeapa, simfundishi tena mtu jambo ambalo miguu yangu mwenyewe haijalikubali.