Shoga Aliyeniosha

Nilipozinduka, daktari Mzungu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda changu. Alisema maneno mengi. Dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, aliyekuwa pembeni yake, akayafupisha.

"Utumbo mpana umetolewa wote. Ulikuwa umeoza. Sasa choo kitatokea hapa."

Akanionyesha kwa kidole upande wa kulia wa tumbo langu, palipokuwa na rundo la pamba na bendeji. Nikamwuliza mpaka lini. Swali hilo hakumtafsiria daktari. Alinijibu mwenyewe.

"Mpaka uzikwe."

Nilikuwa mwanamke kijana bado, mke wa karani wa bohari bandarini, na nyumba yetu ilikuwa Kinondoni, vyumba viwili katika nyumba ya watu wengi. Kuharisha damu kulikuwa kumenishika muda mrefu. Nilikunywa makombe ya aya zilizooshwa sahanini, nikanywa mizizi, nikasomewa, nikakonda hadi bangili zikawa zinanivuka zenyewe. Siku niliyoanguka uani tumbo limevimba kama ngoma ndiyo siku niliyopelekwa hospitali ya serikali. Wanasema nilikuwa nimebakiza saa chache. Miezi ya mwanzo nilimlaumu Mungu kwa saa hizo.

Walipofungua bendeji nikaona kipande cha utumbo kimetokeza nje, chekundu, kinang'aa, kinachezacheza chenyewe. Hakikujua mgeni wala chakula mezani. Kilitoa uchafu wa majimaji kikitaka, na maji yale yalikuwa makali. Yalipogusa ngozi iliungua ikawa kama imemwagiwa mafuta ya moto. Nilipewa mifuko miwili ya mpira mweusi, mmoja wa kuvaa na mmoja wa kuanika, mshipi wa kuufungia kiunoni na kopo la dawa nyeupe ya kupaka. Kisha nikaambiwa niende nyumbani.

Nyumbani ndiko nilikojifunza. Mpira na joto la Dar es Salaam havipatani. Hata ukioshwa kwa sabuni na ndimu, mfuko ulibaki na harufu yake, na nilipouanika uani wapangaji wenzangu walihamisha kamba zao za nguo. Nazi ilinikataa, maharage yalinikataa, kisamvu kilitoka kama kilivyoingia. Nilikula wali uliopondwa na ndizi za kuchemsha, nikanywa uji wa chumvi, maana bila chumvi miguu ilikakamaa na midomo ilipasuka hata kama nimekunywa mtungi mzima. Kuhusu sala, mwalimu wa chuo cha Kurani alisema nitie udhu kila kipindi na nisali, sina lawama. Lakini wanawake niliokaa nao katika maulidi waliacha nafasi kubwa kulia kwangu na kushoto kwangu, wakamwachia Mungu apite.

Mume wangu alianza kulala barazani. Alisema ni joto. Mvua ziliponyesha aliendelea kulala huko huko, amejifunika gunia.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenigusa. Huyo alikuwa shoga yangu. Tulitolewa unyagoni pamoja, tukaolewa mtaa mmoja, tukaingia pamoja katika chama chetu cha lelemama, ngoma ya wanawake ya kushindana kwa nyimbo, yeye akiwa mshonaji wa sare na mie mtoa sauti. Kila asubuhi mume wangu akishatoka kwenda kazini, shoga yangu alivuka barabara na birika la maji ya moto. Alifunga mlango.

"Lala chali."

Alifungua mfuko, akamwaga, akasafisha ngozi kwa kitambaa, akapaka dawa. Hakuziba pua. Mikono yangu wakati ule ilikuwa inatetemeka, na kidonda cha upasuaji hakikuniacha niiname. Mshipi wa hospitali ulipooza kwa jasho, alinishonea mwingine kwa mabaki ya satini ya kijani ya sare zetu. "Angalau ufungwe na kitu kizuri," alisema, na tulicheka wote wawili.

Nilipopata nguvu ya kutembea, palikuwa na harusi Magomeni. Chama chetu kilialikwa, na kile chama hasimu chetu kilialikwa pia, kama desturi. Watu wa Dar walikuja kusikia matusi zaidi ya kumwona bibi harusi. Wenzangu waliniambia nisisimame kwenye mstari, nikae kwenye mkeka nyuma, nipumzike. Nikakaa. Nilikuwa nimefunga mfuko vizuri, nimejifukiza udi mpaka nguo zinanuka moshi.

Wale mahasimu wetu wakaanza. Mtoa sauti wao alitangulia mbele, akazungusha shingo polepole, akaimba:

Bibi kaja na mkoba, kaufunga kiunoni,
Haendi nao dukani, haendi nao sokoni,
Mshipi wake satini, kijani cha majanini,
Wenye pua waelewa kilichomo mkobani.

Vigelegele vilipasua uwanja. Waliorudia kibwagizo hawakuwa wao peke yao. Niliwatazama wenzangu wa sare ya kijani, nikaona mabega yao yanatikisika. Mmoja alijiziba mdomo kwa kanga. Wakaimba tena na tena, na kila walipofika kwenye satini mie nilisikia mfuko ukijaa tumboni, moto, mzito, wala siwezi kuinuka, kwani nikiinuka watu wote watajua ninakokwenda. Nilikaa mpaka wimbo ulipokwisha. Mkeka ule niliuacha umelowa.

Mshipi ule hakuwahi kuuona mtu mwingine. Hata mume wangu hakujua rangi yake.

Nilimkuta shoga yangu nje ya uwanja anasubiri basi. Nikamwuliza, "Umewaambia wewe?"

Hakukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa viapo, hakunipa hata kimoja.

"Kila mtu ananiuliza," alisema. "Nikienda bombani wananiuliza. Nikienda kwa Mhindi wananiuliza. Nimekuosha mavi, mwenzangu, tangu ulipotoka hospitali. Mama yako yuko wapi? Mumeo yuko wapi? Mie siku moja nimekaa na watu, nimeeleza, wamecheka, na mie nikacheka. Basi."

"Basi?"

"Ulitaka nilie kila siku?"

Tulipanda basi moja, tukashuka kituo kimoja, kila mtu akaingia kwake.

Asubuhi yake nilisikia mlango unagongwa. Alikuwa amesimama na birika lake. Ngozi yangu ilikuwa imeungua yote kwa mambo ya jana, na mikono bado ilikuwa ile ile. Nilitamani kumfungia mlango usoni. Nikampisha aingie.

"Lala chali," alisema.

Nililala chali. Akanifungua ule mshipi wake, akaufua, akaniosha taratibu bila kuniumiza hata kidogo. Sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia wakati ule wa mikono yake laini.

Hapo ndipo nilipoamua kujifunza. Nilipata kipande cha kioo, nikakiegemeza ukutani, nikawa najaribu mwenyewe jioni, nikikosea, nikichafua shuka, nikifua, nikianza upya. Nilipoweza kuvaa mfuko na kushinda nao bila kuvuja, nilimngoja mlangoni.

"Kesho usije."

"Unanifukuza?"

"Nakupumzisha."

Alinitazama, akaweka birika chini. "Afadhali," alisema. "Nikitoka hapa huwa sili mpaka adhuhuri." Akageuka akaenda zake.

Mume wangu naye hakukawia. Alimwita baba yangu mdogo, akasema mbele yake, nami nimekaa pale pale, "Mie nilioa mke. Sikuoa choo." Baba mdogo alimwomba aseme kwa adabu. Akasema tena, kwa adabu, na talaka ikatoka.

Nilihamia Temeke, chumba kimoja, nikaishi kwa kushona. Mama alikuja kutoka Kunduchi kuniona mara moja. Aliketi karibu na dirisha.

Baadaye muuguzi mmoja wa hospitali, aliyenikumbuka, alimtuma kwangu mwanamke wa Kinyerezi aliyekatwa kama mie. Aliletwa na mumewe kwa baiskeli, amekalia mto, amefuatana na dada yake. Alilia tangu mlangoni. Mumewe nilimwambia asubiri nje. Dada mtu akakunja mikono ya nguo yake, akachukua kitambaa, akasema, "Nionyeshe dada, nitakuwa namfanyia mie."

"Wewe kiweke chini hicho kitambaa," nikamwambia, "na utoke."

"Lakini hawezi, mikono yake—"

"Toka."

Nikafunga mlango. Nikampa mgonjwa kioo na beseni, nikaketi kwenye kiti changu cha cherehani, mikono nimeifumbata. Alikosea. Uchafu ulimtiririka mapajani, akaniomba, akaniita dada, kisha akaniita mchawi. Nilimwambia aanze tena. Jua lilihama kutoka dirishani likafika ukutani, naye bado analia na kufunga na kufungua, na kule nje nilimsikia dada yake akinitukana mie na mama yangu.

Mwishowe mfuko ukakaa. Alisimama ameshika ukuta, amelowa jasho.

"Mara moja zaidi," nikamwambia.