Anga la Mlima wa Bafuni

Nobue hufungasha vyakula katika duka la karibu na stesheni, na kuchora alijifundisha mwenyewe kwa kunakili vibonzo. Bafu la umma la mtaa wetu lilipotangaza kufungwa, sisi waogaji tukamtwisha mzigo: achore ule mlima Fuji uliopakwa rangi kwenye ukuta wa bafu, katikati ya kadi ngumu ya kumuaga Mama Tokie, mwenye bafu. Pembezoni sote tulishaandika maneno yetu. Kadi ilikuwa hiyo moja. Akiiharibu, ametuharibia wote.

Nilimsindikiza kununua kalamu za rangi, zile za wino wa spiriti. Anga la ule ukuta ni la alfajiri, buluu juu na rangi ya chungwa chini. Mimi nikachomoa hizo mbili, nikadhani tumemaliza.

"Haya jaribu, fundi," Nobue akanicheka.

Zilipokutana kwenye karatasi ya kujaribia, zikatoa tope.

"Mbona zinagombana?"

"Hazijuani hizo. Zitafutie mpatanishi."

Akajaribu zambarau hafifu, akairudisha. Akajaribu nyingine, kisha waridi. Akaanza na zile nyepesi, akaingiza nzito wino ukiwa bado mbichi. Nilitafuta mahali buluu inapokwisha, sikupaona. Nami hamu ikanishika: na kijani je? Na kahawia? Muuzaji akatukoholea.

Tulichosahau ni kwamba karatasi ya dukani ni laini, hainyonyi wino, na kadi zetu za kuagana hunywa wino kama kitambaa. Nyumbani kwake buluu ilivuka mstari, ikala bega la mlima, ikalowesha jina langu. Nobue akaweka kalamu chini, akalia. Mimi nilikasirika, sifichi.

Siku ya kufunga aliitoa kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

"Unisamehe, Mama. Mlima umeniyeyukia."

Mama Tokie akaisogeza machoni.

"Wewe, uliwahi kukaa kwenye kiti changu cha kupokelea pesa mlangoni?"

"Mimi? Hata siku moja, Mama."

"Sasa umejuaje? Nyinyi mnautazama mlima mkiwa majini. Mimi maisha yangu yote nimeuona kupitia kioo chenye mvuke. Ndivyo ulivyo, mwanangu. Hivi hivi."

Akaikumbatia kadi. Maneno yetu hakusoma hata moja siku ile, na sikuona kosa.