Wapole Wawili wa Issuna

Elina alipoolewa na Kefa, Issuna nzima ilifurahi. Mpole kampata mpole mwenzake, wakasema, nyumba hiyo haitasikika kelele. Aliyenuna ni mama yake Elina peke yake. Yeye alimtaka Fabiano, yule mkali wa jirani ambaye hata fisi walimwogopa kwa sauti yake.

"Wewe mwanangu hujui kusema hapana," mama alimwambia. "Na huyo wako hajui. Sasa atasema nani?"

Elina akacheka tu. Angejua!

Kelele kweli hazikusikika. Zilisikika hodi. Mwingereza alikuwa vitani huko mbali, vijana wamechukuliwa, na mvua nayo ikakataa. Uwele ukaungua shambani, njaa ikaingia kila tembe, na wenye njaa wakajua pa kubisha. Leo shangazi, kesho majirani. Elina anamtazama Kefa kwa macho ya kuomba: mume wangu, kataa basi! Kefa naye anamtazama yeye vilevile. Mwisho wanaitika wote, "Karibuni, karibuni." Ghala likakauka.

Zikabaki mbegu. Vibuyu viwili, kimoja cha mke na kimoja cha mume, vimezibwa kwa kinyesi cha ng'ombe na kutundikwa juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu. Vile huwa haviguswi kwa njaa yoyote. Lakini Dina, wifi yake, alikuja na mtoto asiyekuwa na nguvu hata ya kulia, na Kefa yuko kisimani na ng'ombe. Elina angefanyaje, jamani? Alifungua kibuyu chake, akampa mbegu zote, akakijaza pumba na kukiziba tena. Roho ilimwuma sana. Akajifariji kwamba cha Kefa kipo, kitawatosha.

Siku mvua ilipoanza, watu walikimbilia mashambani na majembe wakipiga vigelegele. Elina alibaki ndani, macho kwenye vibuyu.

"Baba Lea," akamwambia mumewe, "tuanze na mbegu zako."

Kefa akaenda mekoni. Alikishusha kibuyu chake, akampa bila kumtazama. Elina akabandua kizibo. Pumba tupu.

"Mjomba alikuja ulipokwenda kuni," Kefa akasema. "Nikajua zako zipo."

Elina alitamani kugombana. Alitamani amtukane, au atukanwe yeye, mmoja wao apige kelele angalau leo.

"Pole," akasema.

"Pole na wewe, mama Lea."

Huko jirani Fabiano alikuwa akiwafokea wanawe wafukie mbegu vizuri. Mbegu anazo.

"Nenda ukamwombe," Kefa akanong'ona.

"Nenda wewe."

Hakuna aliyeinuka. Mtoto wao Lea akauliza kama leo hawapandi, wakainamisha vichwa. Mvua ikazidi kunyesha, na shamba lao liko tupu. Mara mlangoni mtu akabisha hodi, sauti ya mwenye njaa, waliijua.

"Karibu," wakaitika wote wawili.