Pepeta ya Kwanza

Nilipokuwa mtoto, enzi za Mwingereza, mpunga wa bonde letu kule Chanika ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa sie tulioulima. Alikuwa Kinyamkela, pepo aliyekaa pale bonde linapoanzia, kwenye kibanda cha makuti kisichofika hata kiunoni, ndani mna chungu kilichomeguka mdomo. Mpunga ukianza kukomaa, kabla haujakauka, wanawake walikata masuke machache, wakazikaanga punje, wakazitwanga mpaka zikawa bapa. Hiyo ndiyo pepeta. Pepeta ya kwanza ilikwenda kwenye kile chungu. Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyeitaja siku yake, na mpaka siku hiyo ipite, hakuna aliyetia punje mpya mdomoni.

Haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilijifunza kusoma na kuandika nikiwa na wajukuu, kwenye darasa la kisomo, na mpaka leo nikimaliza ukurasa naurudia kuusoma, nione kama kweli ni mie. Basi mnivumilie nikienda polepole.

Mwaka ninaousema, mihogo iliozea ardhini kwa mvua. Baba alikuwa mjini, kuli wa bandarini, anakuja anapoweza. Mama alishinda juu ya dungu, kile kichanja cha miti tulichokuwa tukikalia kuamia ndege wasile mpunga, anapiga debe tangu alfajiri mpaka jua lizame, sauti imemkauka. Mie nilikaa chini na mdogo wangu Shabani mgongoni. Mtoto mwenye njaa akilia, unajua yupo. Shabani alikuwa ameacha kulia.

Siku moja mchana debe likanyamaza. Mama alishuka, akamtazama Shabani, akamshika shavu. Kisha akaingia mpungani akakata masuke, kiganja kimoja au viwili tu. Nilimwambia bibi hajaitaja siku. Akasema anajua.

Harufu ya pepeta haifichiki. Shabani alikuwa bado anatafuna bibi alipoingia uani. Alimtazama mtoto mdomoni, akaukalia ukingo wa kinu.

"Mama Zena," alimwambia mama, maana Zena ndiye mie, "siku sijaitaja."

"Najua, mama."

"Umemlisha mtoto kabla ya mwenyewe. Mpunga huu hutauvuna."

Mama hakubishana. Alisema tu kwamba mtoto alikuwa anakwisha. Bibi akaondoka, na leo nikimkumbuka uso wake naona haukuwa wa hasira. Aliogopa. Alikuwa amezika watoto wengi kuliko aliowalea, na kila kaburi aliambiwa ni la kosa fulani.

Haikupita wiki, tukaamka tukakuta nguruwe mwitu wamelala shambani kwetu. Hawakuacha kitu. Ambacho hakikuliwa kilikanyagwa kikawa tope. Shamba la bibi nalo liliguswa, ingawa yeye siku alishaitaja, na pepeta yake ilishakwenda chunguni, na ubani juu. Watu walisema hiyo ni hasira ya kosa la mama imemwagikia jirani.

Mama aliingia katikati ya shamba akakaa kwenye tope, kama mtu aliyefika alikokuwa akienda. Nilisimama nyuma yake. Hakuinua hata mikono.

"Ee Mola," alisema, "shamba lako. Nguruwe wako. Watoto hawa wako. Mie nimechoka, na huko kuchoka kwangu nako unakuona. Ahsante kwa pepeta."

Nilingoja aombe. Hakuomba. Aliinuka, akajipangusa, akaanza kuokota masuke yaliyobaki, moja huku, moja kule.

Jioni wanawake walikuja uani kwetu. Walisema bonde zima litakufa njaa kwa ajili yake. Bibi ndiye aliyetoa hukumu: mama apeleke kuku na kitambaa cheupe kibandani, na aseme kwa mdomo wake, mbele yao, kwamba bonde ni la Kinyamkela. Akikataa, msimu ujao hana pa kulima. Mama akasema bonde ni la Mungu. Hapo jirani yetu Mwanahawa akacheka.

"Fatiha yenyewe anaikatia njiani, leo ndo wa kutufundisha Mungu?"

Wakacheka wote. Hata mama alitabasamu, maana ilikuwa kweli, alikuwaga anaisahau mwishoni. Kisha akanyoosha kidole kwa kuku wetu, yule mmoja tuliyebakiwa naye.

"Kuku huyo hapo, mchukueni mle, nanyi mna njaa. Ila kusema siwezi. Mwenye bonde nimeshazungumza naye asubuhi."

Hakuna aliyemgusa yule kuku.

Bonde tukanyang'anywa. Baba alipokuja aliambiwa yote, akasema hawezi kushindana na mama yake, akarudi bandarini. Tulihamia mlimani, kwenye mchanga. Mama alilima mihogo na kupandisha maji kichwani, mgongo ukaanza kumpinda ningali mdogo. Nilikuwa nikimkasirikia kimoyomoyo. Yalikuwa maneno machache tu. Angeyasema, tungekula wali.

Msimu uliofuata, bibi alipanda mlima saa ya jua kali, ana bakuli limefunikwa kawa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Harufu ilishatufikia kabla hajakaa.

"Ya kwanza?" mama aliuliza.

"Nimeigawa. Nusu nimeiacha kule chini. Nusu ndo hii."

Mama alipokea kwa mikono miwili. Walikula, na sie watoto tukala. Bibi alipomaliza alijifuta vidole, akauliza kwa sauti ndogo, kama anayeulizia dawa.

"Siku ile, huyo mwenye bonde ulimwambia nini?"

"Nilimwambia nimechoka."

"Hilo tu?"

"Na ahsante."

Bibi aliitazama mihogo yetu iliyodumaa. Kisha akasema, "Hata mie nimechoka." Hakulisema kwa mama, wala kwangu. Bonde hakuturudishia, wala hakuwa na nguvu za kuturudishia, lakini kila mwaka mpaka kufa kwake alipanda mlima na ile nusu.

Siku hizi nasoma vitabu vya dini, kidole chini ya mstari. Siku niliposoma mwenyewe, bila kusaidiwa, kwamba mbingu na ardhi na vyote vilivyomo ni vya Mungu, nililia kwa furaha ya kusoma. Baadaye ndipo nikakumbuka kwamba nilishaambiwa, kwenye tope, na mtu asiyejua hata herufi moja.

Na mie sasa nimechoka, miguu inavimba. Nikishasali nabaki juu ya mkeka na karatasi zangu za dua, nyingi, na zote naweza kuzisoma. Zimejaa neno nipe. Siku nyingine naziweka kando, nasema ile ya mama. Shamba lako. Nguruwe wako. Nimechoka. Mpaka hapo naenda vizuri. Nikifika kwenye ahsante nakwama, nakaa pale kitambo kirefu kabla haijatoka. Yeye aliisema papo hapo, na tope lingali mikononi.