Dawa za Marehemu na Mvua ya Kwanza

Nakumbuka siku moja kule Newala, yapata saa nane mchana, tukifagia chumba cha marehemu baba mkwe wangu baada ya arobaini yake. Nguo tulishazigawa. Zilibaki dawa zake za presha na sukari, mfuko mzima wa rambo. Shemeji yangu Hamisi akazibeba, akazitupa jalalani nyuma ya nyumba. Vidonge vikatawanyika, chupa moja ikapasuka.

Mwanangu, wewe umekulia Masasi mjini, penye bomba. Kule juu Newala tulikinga mvua. Ilianguka kwenye sakafu ya saruji iliyoinama, ikatiririka hadi kisimani uani. Hadi leo nayatamani maji yale, yalivyokuwa baridi na kunukia saruji. Siku hiyo kisima kilibaki tope tu, wingu limefunga, na jalala letu lilikuwa upande wa juu wa sakafu ile, maji yake yakiteremkia humo.

Mama mkwe akatoka, akaona.

“We Hamisi! Baba yako umeshamzika, sasa unatutafutia sanda na sisi?”

“Mama, hizo ni dawa, si sumu.”

“Haya, zimeze zote, wewe mzima.”

Tulicheka. Mama mkwe hakucheka. Tukaokota vidonge mpaka matone yakaanza, lakini dawa ya chupa ilikwishanywewa na udongo. Mama mkwe akaziba mdomo wa kisima kwa magunia. Mvua tuliyoiomba miezi mingi ikapita mbele ya macho yetu, ikateremkia mikoroshoni.

“Mama, kesho tutakunywa nini?” nikamuuliza.

“Tutashuka bondeni, mkwe wangu. Miguu ikiuma hupona.”

Tukashuka kweli alfajiri, tukapanda mteremko na ndoo kichwani, Hamisi naye na yake, wanawake wakimtania njia nzima. Jalala tukalihamisha, udongo ule tukauchimba na kuuondoa. Mvua ya pili ndiyo tuliyoikinga. Vidonge Mama mkwe alivipeleka zahanati, wakavipokea.

Tahadhari kabla ya athari, mwanangu. Dawa iliyobaki usiitupe jalalani wala chooni, usiichome uani, usimpe jirani kwa kuwa naye anaumwa kama marehemu. Iache na karatasi yake yenye jina la dawa, ipeleke zahanati. Wasipopokea, waulize ipelekwe wapi. Ardhi haichagui cha kunywa, nasi tunakunywa kutoka kwake.

Mungu akujalie afya, na mgeni atakayeomba maji mlangoni kwako umpe bila wasiwasi.