Visi Aliyesahau Kupiga Makofi

Visitación Arroyo, ambaye wote tulimwita Visi, alikuwa na viganja vigumu kama ubao wa kukatia nyama, na viganja hivyo ndivyo vilivyomwingiza kwenye ukumbi wa michezo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anapiga pasi mashati ya watu huko Mtaa wa Embajadores, na mshahara wake uliishia kwenye dengu na mkate. Tiketi ya zarzuela, michezo yetu ile ya kuimba jukwaani, aliiona madirishani tu. Basi siku moja Don Hilario Pestaña alikuja kuchukua mashati yake, akamkuta anapiga makofi kumfukuza paka.

"Hebu rudia," akasema Don Hilario.

"Nirudie nini? Paka keshaondoka."

"Hayo makofi, binti. Usibishane na riziki."

Don Hilario alikuwa mkuu wa wapiga makofi. Miaka ile kila ukumbi wa Madrid ulikuwa na watu wake thelathini hivi, wanaingia kwa bei ya gazeti, wanakaa roshani ya juu kabisa, tunayoiita peponi, na kushangilia pale wanapoamriwa. Mkuu akigonga reli kwa fimbo, unapiga. Asipogonga, hata jukwaa liwake moto, umetulia. Visi akafanywa mwanzilishi: yeye apige kwanza, wenzake wamfuate, na watu wa chini waliolipa hela nzuri wafuate hao wenzake bila kujua.

Kazi ya heshima haikuwa, tusidanganyane. Mama yake aliposikia alishika kiuno.

"Makofi ya kukodiwa! Kesho utakwenda kulia kwenye misiba ya watu."

"Kwani kule wanatoa chakula, mama?"

Mama akacheka akijizuia, na kesi ikafa hapo hapo.

Kwa miaka miwili Visi aliona kila kilichoimbwa mjini, na chote akakipanga kwa daraja. Uulize usiulize, utaambiwa. Ya tatu ilikuwa *Harusi ya Fundi Saa*, kwa ajili ya wale mashangazi sita wanaomteta bwana harusi huku wanamenya maharage, na kila ganda linaanguka kwa mdundo. Ya pili *Mnara wa Kengele Tatu*, hadithi isiyo na kichwa wala miguu, lakini mwishoni wanacheza wote, hadi padri. Ya kwanza, na hapo usimguse, ilikuwa *Mshona Glavu wa Segovia*. Kwenye sehemu ya pili mwanamke anashona glavu za bibi harusi wa watu, na mlangoni anaingia bwana harusi mwenyewe, yule yule ambaye mwanamke huyo amemngoja miaka saba. Mwanamume hamtambui. Basi mwanamke anamuuliza tu kipimo cha mkono wa mchumba wake, akiimba. Visi alikuwa akipiga pasi huku akiuimba wimbo ule: kola kwenye sehemu za polepole, mikono kwenye za haraka.

Alhamisi moja, kukiwa na onyesho la *Mshona Glavu* saa moja jioni, mwimbaji mkuu aliamka hana sauti. Akavalishwa nguo zake Doña Amparo Olalla wa korasi, mama wa miaka hamsini, ambaye siku zote alisimama wa tatu kutoka kushoto, amebeba kikapu.

"Leo tuna kazi," Don Hilario akawaonya watu wake. "Mama wa watu atatetemeka. Akimaliza tu, mnampokea, asisikie ukimya hata kidogo. Visi, ukichelewa leo, pepo hii utaisikia kwa majirani."

Hakutetemeka. Aliimba kama mtu anayeongea na mteja, taratibu, na alipofika kwenye kile kipimo cha mkono, sauti ikapungua badala ya kupanda. Visi aliujua wimbo huo neno kwa neno, kumbe alikuwa hajausikia. Wimbo ukaisha. Don Hilario akagonga reli. Visi hakusikia. Akagonga tena. Watu ishirini na tisa wakaitazama mikono ya Visi, na mikono ya Visi imelala mapajani.

Ukumbi mzima ukanyamaza. Kisha huko chini mtu mmoja akaanza, wa pili akadakia, na mara wote wamesimama, wanapiga makofi na viti. Doña Amparo aliurudia wimbo ule mara tatu, analia na kucheka.

Don Hilario hakucheka.

"Umeniaibisha."

"Lakini wamepiga, Don Hilario. Wamepiga kuliko siku zote!"

"Ndiyo kosa lenyewe! Wakizoea kupiga wenyewe, sisi tutakula nini? Nenda kwenu. Kesho nisikuone."

Hasira hasara, lakini hasara ile ilimwangukia Visi. Jioni tatu alibaki nyumbani, na saa moja ikigonga alijua pazia linafunguliwa bila yeye. Aliunguza kola mbili. Aliacha kuimba, hata mama yake, aliyeichukia kazi ile, akaanza kuziulizia habari za wale mashangazi wa maharage ili tu mtoto aseme neno.

Siku ya nne Don Hilario akaingia na shati ambalo halikuwa na hata mkunjo mmoja.

"Hili nalo lina nini?" akauliza Visi.

"Lipige pasi tu." Akazungukazunguka. "Siku tatu tunampigia yule mama kwa wakati wake, barabara kabisa. Watu wanapiga kidogo, wanakaa. Wimbo haujarudiwa hata mara moja. Jana akaniita chumbani kwake, akaniuliza yuko wapi yule aliyesahau."

Visi akaweka pasi chini.

"Urudi leo," akasema Don Hilario. "Kazi zote kama zamani. Ila ukifika wimbo ule, usahau."

"Nitasahauje kwa kuagizwa? Nikikumbuka kusahau, si nimekumbuka?"

"Ah, mtoto una maneno wewe! Basi sikiliza tu. Mimi nitagonga nikiona wakati unafaa."

Jioni ile Visi alikaa pembeni yake. Doña Amparo akauliza kipimo cha mkono, sauti ikashuka, wimbo ukaisha. Safari hii Visi alijikaza asisahau. Nafasi yake hakutaka kuipoteza mara ya pili. Akangoja fimbo. Fimbo haikugonga. Akageuka kumtazama mkuu wake, mtu wa miaka ishirini na miwili kwenye kazi ile, akamkuta amefumba macho, fimbo imemtoka mkononi.

Visi alimwacha. Chini kule watu walikuwa wameshaanza wenyewe.