Kisima cha Nghumbile

Asubuhi ile Penina alikuwa akicheka peke yake. Juu ya meza yake, katika ofisi ya kumbukumbu huko Mtumba, palikuwa na jalada la mwaka 1956 ambalo karatasi zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ndani yake Mzungu mmoja, mtaalamu wa samaki, alikuwa amemchora kambale kwa wino, sharubu moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayechora picha ya mkwewe. Chini ya mchoro aliandika kwamba samaki huyo alitolewa kwenye tope la korongo, Ugogoni, mwezi wa Oktoba, mahali ambapo kila mtu alimwambia hapana hata tone la maji.

"Mustapha, njoo uone maajabu," aliita. "Kuna mtu alitumwa Ugogo kuvua samaki!"

Mustapha, kijana wa Kondoa aliyesomea maji ya chini ya ardhi, aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta. "Alipata?"

"Kapata. Na kamchora."

Kwa miezi mitatu wawili hao walikuwa wakipiga skani majalada ya wakati wa Waingereza, ya watu waliopima miamba, waliotoboa ardhi kutafuta maji, waliohesabu samaki wa mabwawa na madimbwi. Mustapha alizitaka namba. Penina, aliyekuwa mtunza kumbukumbu kwa miaka kumi na tisa, alipenda zaidi habari za pembeni: nani aliumwa na nge, gari lilikwama wapi. Alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Ndivyo alivyocheka tangu alipokuja mjini kusoma sekondari na kugundua kwamba watu wengine wana meno meupe. Ya kwake yalikuwa ya kahawia, yamemomonyoka kwenye ncha. Kwao Nghumbile, ukishapita Zuzu ukaiacha reli na kuingia porini, hakuna aliyekuwa na meno ya namna nyingine.

Akafunua ukurasa, akaona jina la kijiji chao.

Mwanzoni alifurahi. Kisima kirefu, ilisema taarifa, kilitobolewa mwaka 1948, futi mia mbili na kumi, ndani ya mwamba wa matale. Maji mengi, hayakauki. Hilo alilijua, alikua akinywa maji yale, na bomba lile lilikuwa fahari ya kijiji. Kisha akasoma mstari wa chini.

Floridi: kumi na moja.

Mtaalamu wa miamba, aliyesafiri pamoja na yule wa samaki, alikuwa ameandika hivi: *Nimeona watoto wenye meno yaliyoungua, na wawili ambao miguu imeanza kupinda. Maji haya ni ya kufulia na kunyweshea mifugo tu. Watoto wasipewe kabisa. Maji ya mchangani, korongoni alipopatikana kambale, nimeyapima na ni salama. Nashauri watu warudishwe huko upesi.*

Pembeni, kwa penseli na kwa mwandiko mwingine, mkubwa fulani alikuwa ameandika: *Imeonwa. Jalada lihifadhiwe.*

Penina alisoma tena. Mara ya tatu alisoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mustapha," alisema. "Floridi ikiwa kumi na moja, inakuwaje?"

"Kumi na moja? Hayo si ya kunywa, dada. Chumvi hiyo ya mwambani mwisho wake ni miligramu moja na nusu kwa lita."

"Watu wakiyanywa."

"Meno yanaungua. Wakiyanywa tangu wadogo, mifupa nayo inapinda, magoti yana..." Mustapha alikuwa amemtazama mdomoni.

Penina alikuwa na mdogo wake, Ernest. Alizaliwa salama, akatembea mapema, lakini alipofika miaka mitano magoti yake yakaanza kugongana na nyayo zikaenda kila mmoja na njia yake. Hakuwa peke yake. Karibu kila boma la Nghumbile lilikuwa na mtoto wa namna hiyo. Boma moja tu halikuwa naye, boma la Ruthu, mke wa baba yao mdogo. Ruthu aliolewa kutoka mbali, na maji ya bomba yalimshinda tangu siku ya kwanza. Alisema yanamkaa kooni kama magadi. Kila alfajiri alishuka korongoni, akafukua mchanga kwa kibuyu, akangoja maji yajikusanye, akarudi na mtungi kichwani. Watoto wake watatu walikuwa wamenyooka kama mikuki, na meno yao yalimeta wakicheka.

Watu wakaanza kuulizana. Mbona wake tu? Na huko korongoni anafuata nini peke yake, na bomba liko mlangoni? Jibu likapatikana, kama majibu ya aina hiyo yanavyopatikana: anachukua miguu ya watoto wa wenzake awape wake.

Mwaka 1988 walimfukuza. Nyumba yake ilichomwa mchana kweupe, na mumewe alisimama kando mikono nyuma. Penina alikuwa na miaka tisa. Aliokota jiwe kama wenzake, akalirusha, likampata mama yake mdogo begani. Jioni ile mama yake mzazi alimwekea mnofu mkubwa wa nyama, akamwambia, "Kula, mwanangu. Umempigania mdogo wako."

Mama huyo alikwisha kufa, akiamini kwamba Ruthu ni mchawi. Na jalada hili Penina alikuwa amelihamisha kwa mikono yake mara mbili, mara ya mwisho kutoka mjini kuja Mtumba. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akilipangusa vumbi.

Alitoka nje, akapiga simu Nghumbile. Ernest alikuwa fundi redio na simu pale kijijini, mwenye mke na binti mmoja wa miaka sita, Erica. Penina alimsomea taarifa yote kwa Kiswahili, akiwa amesimama juani bila kujua kuwa yuko juani.

"Ernest?"

"Erica yuko bombani," Ernest alisema. "Mama yake kamtuma sasa hivi."

"Mwite! Ernest, mwite mtoto!"

Alisikia simu ikianguka, kisha ile hatua ya mdogo wake aliyoijua toka zamani, buruta na kishindo, buruta na kishindo, ikiondoka mbio.

Jumamosi Mustapha alikwenda na Penina hadi Nghumbile, na vipimo vyake. Bomba sasa lilikuwa na pampu ya umeme wa jua, iliyozinduliwa kwa ngoma miaka minne nyuma. Majibu yalipotoka, Mustapha aliyalinganisha na ya jaladani. Yalikuwa yale yale, na nukta tatu zaidi. Miaka karibu sabini, na mwamba haukuwa umebadili neno.

Kabla ya kuwaambia wanakijiji, Ernest alisema kuna mtu anayepaswa kuambiwa kwanza. Watu walikuwa wakimwona Ruthu mnadani Chemba. Walikuwa wakimwona na kubadili njia. Wakasafiri wote wawili, yeye na Penina.

Walimkuta nyuma ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa Kirangi, marehemu Mzee Mbwana, ambaye ndiye aliyempokea na wanawe mwaka ule na kumpa chumba bila kumuuliza dini wala kosa. Ruthu sasa alikuwa mwanamke wa miaka sitini na sita, mwembamba, akichambua karanga kwenye ungo. Mwanawe Jordan alitoka ndani aliposikia wageni, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama mdogo," Penina alisema.

"Marahaba." Ruthu hakumtazama yeye. Alitazama miguu ya mgeni wa pili, kisha uso. "Wewe ni Ernest."

Penina alitoa nakala ya taarifa akasoma. Kiswahili kilipomkwama alirukia Kigogo. Aliposoma maneno ya penseli, mikono ya Ruthu ilisimama juu ya ungo.

"Aliandika lini huyo?"

"Hamsini na sita."

"Mimi sijazaliwa," Ruthu alisema. Akarudia taratibu, kama mtu anayehesabu hatua gizani. "Waliandika mimi sijazaliwa."

Kisha alisema jambo ambalo Penina hakulitarajia. "Unajua, nilifika mahali nikawaza labda ni kweli. Labda ninacho hicho kitu na sijijui. Wajukuu wangu wote nilipowapokea niliwakagua miguu kwanza. Miaka yote hii nilikuwa najiogopa."

Jordan aligeuka haraka akamtazama mama yake. Ilionekana naye alikuwa hajapata kulisikia hilo.

Ernest alijaribu kupiga magoti. Magoti yalikataa, akayumba, akashika ukuta.

"Kaa kwenye kigoda," Ruthu alisema. "Usinipigie magoti na miguu hiyo."

"Mama mdogo," Penina akasema, "lile jiwe la begani..."

"Lako. Nilikuona. Ulikuwa na gauni la kijani." Alizirudia karanga zake. "Jiwe halikuniuma. Nilivyokuona unatazama kama limenipata, hapo ndipo niliumia."

Walipomwomba arudi Nghumbile, alitikisa kichwa. Hana nyumba huko; waliichoma wenyewe. Lakini aliuliza kama watoto bado wanayanywa yale maji, na alipoambiwa ndiyo, akaukung'uta ungo. "Nitakuja siku moja. Nyinyi hamjui pa kuchimba. Mchanga si wote una maji."

Mkutano wa kijiji ulifanyika chini ya bati la shule. Mustapha alieleza, Penina akasoma, na watu wakasikiliza wakiwa wamefunga midomo, kana kwamba wote kwa mara moja wamekumbuka meno yao. Mzee mmoja alisema maji yale ndiyo yaliyowalea, na karatasi ya Mzungu haimwoni mchawi. Wachache waliguna kukubaliana naye. Ndipo mwanamke aliyekuwa amempakata mtoto mwenye magoti yanayogongana akasimama. "Mimi nataka kujua kitu kimoja," alisema. "Kama ni maji, sisi siku ile tulimchomea nyumba nani?"

Mwenyekiti alikunja karatasi zake, akazikunjua, akasema bomba litapakwa rangi nyekundu, liwe la mifugo na kufulia, na tangi la maji ya mvua la shule liwe la watoto, lisiguswe na mtu mzima.

Ruthu alikuja wiki iliyofuata, asubuhi, nyuma ya pikipiki ya Jordan. Habari ilikuwa imemtangulia na watu walikuwa wamejipanga njiani. Alipita katikati yao kwa miguu hadi korongoni, akapanda na kushuka ukingo, akapita sehemu mbili ambazo wanaume walikuwa wamezichimba bure, akasimama kwenye kona yenye mwamba.

"Hapa."

Walichimba hadi kina cha kiuno. Maji yakaanza kujipenyeza, machafu kwanza, kisha meupe. Mustapha aliyapima: floridi haikufika hata moja. Mwanamke mmoja akaanza kulia, na wengine wakafuata. Mtu alileta kiti, mwingine sahani ya ugali wa uwele na mlenda. Ruthu alishukuru kwa adabu, hakuketi, hakula.

"Nimeacha mbuzi Chemba," alisema.

Ernest alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki, akimfuata kwa mwendo wake. Ruthu alipanda nyuma ya mwanawe, akakaza khanga yake mabegani, wakaondoka kabla jua halijafika utosini. Watu walisimama wakiwatazama mpaka vumbi likatulia. Hakuna aliyethubutu kumwambia karibu tena.